Roboti wa Miguu Miwili ya Kushoto

Bati alikuwa na miguu miwili, na yote ilikuwa ya kushoto. Msidhani natukana. Hii ni habari ya mkasi, na wote wanaohusika nayo huisimulia wenyewe wakicheka.

Zamani hizo, televisheni ilipokuwa bado kitu cha kwenda kutazama kwa jirani mwenye uwezo, kituo cha mji kilirusha kwa miaka mingi tamthilia ya kisayansi iitwayo Jirani wa Mwezi. Ilihusu familia moja iliyohamia mwezini, ikafika huko ikakuta hakuna jirani wa kuazima chumvi wala wa kugombana naye, ikaamua kujitengenezea roboti. Roboti huyo ndiye Bati. Fundi wa mavazi wa kituo alikuwa msichana aliyetoka tu chuoni, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo, na siku ya kukata suruali ya Bati alikuwa akiwasimulia wenzake jinsi bwana harusi wa dada yake alivyokalia keki. Kila mshonaji anajua kwamba ukishakata mguu mmoja, lazima uigeuze karatasi ya kukatia kabla hujakata wa pili. Msichana alipofika pale penye keki, akasahau kugeuza. Kitambaa kile cha kung'aa kilikuwa hicho hicho, mji mzima hakikuwepo kingine, na kamera zilikuwa zinawashwa kesho yake asubuhi.

Aliyevishwa suruali hiyo alikuwa fundi wa taa, kijana mrefu wa mabega mapana, ambaye sifa yake pekee ya uigizaji ilikuwa kwamba kofia la bati la roboti lilimwenea. Akavaa. Mguu wa kulia ukajipinda kuingia ndani, akawa anauburuta na kuuzungusha kama mtu anayezima kipande cha sigara kwa kisigino. Mwongozaji alitamani ardhi ipasuke immeze. Watazamaji, wao, waliangua kicheko mpaka mbavu zikawauma, na wiki haikuisha kabla watoto wa mji mzima hawajaanza kwenda shule kwa mwendo ule.

Fundi wa taa akaenda chumba cha mavazi kulalamika. Kesho yake akaenda tena kulalamika. Alipoanza kuja kulalamika huku amebeba karanga, mashoga wa msichana wakajua kwamba hapa hakuna lalamiko tena. Mwisho wake ulikuwa ndoa.

Tangu hapo jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa Bati kwa kila mtu, mkewe akawa Bi Bati, na ni Bi Bati mpaka leo, ingawa mwenye jina ameshatangulia. Aliondoka usingizini bila kumsumbua mtu, kama alivyoishi. Kinachomsikitisha mjane wake ni kwamba haikubaki hata kanda moja. Miaka ile kanda zilikuwa adimu. Kipindi kikishaonyeshwa kinafutwa, na juu yake kinarekodiwa kingine. Jirani wa Mwezi yote ilifutwa, ukarekodiwa mpira.

"Mume wangu amezikwa mara mbili," Bi Bati hupenda kusema. "Mara moja makaburini, na mara moja chini ya mechi ya bila kwa bila."

Akisema hivyo watu hucheka, naye hucheka nao. Lakini nyumbani anayo picha moja tu ya Bati akiwa roboti, amesimama wima, na picha haitembei.

Binti yake, kitinda mimba wake, aliingia alasiri moja akiwa bado na kadi ya kazini shingoni. Chumba cha kushonea cha Bi Bati ndicho chumba cha mbele cha nyumba: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo kilichoegemezwa ukutani, na kiti kimoja kizuri ambacho ni cha wateja lakini hukaliwa na shemeji yake. Shemeji huyo, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa sauti ya Bati. Aliyevaa lile kofia hakusikika hata akipiga kelele, kwa hiyo kaka alitembea mbele ya kamera, na mdogo akasema kwenye maikrofoni nyuma ya pazia. Mtaani wanamwita Sauti. Amestaafu utangazaji, hajastaafu kuzungumza.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona leo umewahi kutoka?"

"Nina jambo." Binti hakukaa. "Kituo kinataka kuirudia Jirani wa Mwezi. Upya, kuanzia mwanzo. Na wamenipa mimi niiongoze."

Bi Bati akaondoa miguu kwenye cherehani. Mtoto huyu alikuwa amewashikia waongozaji wengine miavuli na vikombe vya chai kwa muda mrefu kiasi kwamba mama yake alishaacha kuuliza zamu yake itafika lini. "Hongera, mwanangu! Hongera sana!"

"Usinipongeze kwanza. Mkurugenzi anasema bila Bati hakuna tamthilia. Kila mtu mzima aliyemwuliza hakumbuki hata jina la baba wa ile familia, anamkumbuka Bati. Na mimi nimemwambia kwamba Bati harudi mpaka mama yangu aseme ndiyo. Ukisema hapana, wataleta kitu kingine na mwongozaji mwingine."

"Upuuzi mtupu," akasema Sauti kabla shemeji yake hajafungua mdomo. "Kurudia mambo ya zamani ni uvivu wa watu waliokosa jipya la kusema. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mbachao wenyewe uko wapi, baba mdogo? Si ulifutwa ukarekodiwa mpira?"

"Upo hapa." Sauti akajigonga kichwani. "Na isitoshe, wakati ule mtu akionyeshwa mwezi alishangaa. Siku hizi mtoto ana simu mfukoni inayojua mambo kuliko chombo chetu kizima cha angani, kile cha mbao. Atashangaa nini?"

"Nani alikuwa anashangaa mwezi? Mwezi wenu ulikuwa shuka lenye mikunjo! Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Tulikuwa tunamtazama Bati anavyohangaika kuwasaidia wale watu, na miguu yake ile."

Bi Bati alikuwa anauzungusha uzi kwenye kidole. "Nani atavaa?"

"Kuna msichana mcheza dansi. Hodari sana, mama. Tunamwita Unyoya."

"Mtu mwingine aingie ndani ya baba yako?"

Hapo hata Sauti aligeuka kumtazama.

"Hapana," akasema Bi Bati. "Tengeneza kitu kingine chochote, nitakitazama hata kikiwa kibaya. Lakini Bati mwacheni."

Binti akaivua kadi ya kazini shingoni. Hakubishana. "Sawa, mama. Nitawaambia kesho kutwa, wakikaa kikao." Akamsaidia mama yake kukunja nguo za wateja, akaosha vikombe, akaaga vizuri, akaenda zake. Bi Bati angependelea agombane. Mtoto anayegombana unaweza kumkasirikia ukalala salama.

"Umefanya jambo la maana," akasema Sauti.

"Nyamaza, shemeji."

Siku iliyofuata Bi Bati alishona akijiambia kwamba ameulinda urithi wa mumewe. Chumba kilipokuwa kitupu, akasimama mbele ya kioo ajaribu ule mwendo, kwa kujifurahisha tu. Akauburuta mguu wa kulia. Akauzungusha. Akasita. Bati alikuwa anauzungusha kwanza halafu anautua, au anautua halafu anauzungusha? Na mkono je? Ulikuwa unapanda pamoja na mguu, au ulikuwa unaning'inia? Akajaribu tena, akaona kwenye kioo bibi mmoja anayeumwa nyonga.

Sauti alipofika, akamwuliza.

"Hilo nalo la kuuliza?" Sauti akajikokota kutoka kitini akatembea. Yeye aliutua kwanza.

"Siyo hivyo. Alikuwa anazungusha kwanza."

"Mimi nilikuwa namtazama kila wiki kupitia tundu la pazia!"

"Na mimi nilikuwa namtazama kila siku nyumbani kwangu akiwachekesha watoto!"

Wakampigia simu mpiga kamera wa zamani, rafiki mkubwa wa Bati, ili awaamue. Mpiga kamera akaapa kwa yote anayoyaamini kwamba Bati alikuwa anaruka kidogo, kama kuku aliyekanyaga kaa la moto, na kwamba mguu wenyewe ulikuwa wa kushoto.

"Kushoto!" Bi Bati akakata simu. "Huyu naye amezeeka vibaya."

Wakaendelea kuizunguka meza ya kukatia, kila mmoja na mwendo wake, wakirushiana maneno, mpaka mwalimu mmoja kijana akaingia kuchukua sketi yake. Akasimama mlangoni.

"Poleni. Mmeanguka?"

"Tunatembea kama Bati," Sauti akamjibu kwa heshima zote. "Wa Jirani wa Mwezi."

"Ni duka jipya?"

Mwalimu hakuwa na utani. Aliijaribu sketi, ikamkaa, akashukuru, akaondoka. Sauti akarudi kitini akihema, akiulaani ujana wa siku hizi. Bi Bati alibaki amesimama, ameshika ukingo wa meza. Alikuwa ameona jambo alilokuwa analikwepa tangu binti yake aoshe vile vikombe. Kumkataza mtu asimrudishe Bati hakukuwa kumhifadhi Bati popote. Alibaki kwenye vichwa vitatu tu vya wazee, na vichwa vyenyewe havikubaliani hata juu ya mguu. Roho ilimuuma kuliona hilo. Wakati huo huo alijisikia mwepesi, maana kitu kilichokwisha kutoka ndani huna haja ya kukilindia mlango.

"Nampigia mtoto nimwambie ndiyo," akasema. "Lakini nguo nashona mimi, kwa mikono yangu."

Sauti akajiweka sawa kitini. Akakohoa. "Na sauti je? Wameshapata mtu?"

"Si ulisema ni upuuzi?"

"Ni upuuzi. Ila upuuzi nao unataka mtu anayeujua."

Bi Bati akamtazama mpaka mzee wa watu akainamisha macho. Kumbe kelele zote zile za mbachao na msala zilikuwa za mtu ambaye hakualikwa. "Nitamwuliza," akamwambia kwa huruma, na hakucheka mpaka alipoondoka.

Kwenye simu binti alimwomba arudie alichosema. "Mama, nani amekulazimisha?"

"Mwalimu mmoja. Lete kitambaa kabla sijabadilisha mawazo. Na baba yako mdogo anataka kazi, ila hataki ionekane kwamba anaitaka."

"Tangu mwanzo nilimpangia yeye! Nilikuwa namsubiri amalize kutukana."

Binti alikuja na mizigo miwili, kitambaa na Unyoya. Unyoya alikuwa mfupi, mwembamba wa mabega, mtafuna ubani, na asiyetulia mahali pamoja. Kabla futi haijamgusa alishauliza maswali ya mwaka mzima.

"Hivi, bibi, huyo roboti alikuwa mkali au mpole?"

"Mpole. Alikuwa hajui kukataa. Simama."

"Alikuwa ananyamaza sana?"

"Kuliko wewe. Simama, mwanangu."

Bi Bati akampima bega, kifua, kiuno, mkono na mguu, akazisoma namba kwa sauti, na binti akaziandika kwa chaki pembeni mwa meza.

"Halafu miguu yote ya kushoto, eh, mama? Kama zamani."

"Hapana. Mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, kama watu wenye akili zao."

"Lakini watu watautafuta ule mwendo!"

"Ule mwendo ulikuwa wa mtu anayejitahidi asianguke. Huyu nikimkatia hivyo makusudi, atakuwa anaigiza mtu anayejitahidi asianguke. Kosa la kupanga si kosa, ni ujanja, na watu wataona."

"Wakiona je? Si watacheka?"

"Watacheka kwa adabu," akasema Bi Bati, na binti yake, ambaye anajua kicheko cha adabu kinavyoua kipindi, akaendelea na chaki yake.

Siku za kushona zilikuwa za raha. Habari zilienea mtaani, na kila aliyepita alikuwa na la kusema. Muuza duka alisema watu wa televisheni wameishiwa. Fundi viatu wa mkabala alisema tamthilia ya zamani ni chakula cha jana: kikipashwa vizuri kinaweza kukishinda cha leo, kikipashwa vibaya kinakulaza na tumbo. Bi Bati aliipenda sana hiyo, akamshonea mfuko wa aproni yake bure. Sauti naye alikuwa kitini akijinoa. "Niko tayari," alikuwa akisema, lile neno la Bati la kila kipindi, mara kwa sauti nzito, mara kwa sauti ya puani, mpaka jirani wa ukutani akauliza kama kuna anayesafiri.

Bi Bati alikuwa amejifunga uzi mwekundu kidoleni ili asisahau kuigeuza ile karatasi. Hakusahau. Aliikata miguu kwa utulivu, mmoja huku na mmoja huku, akaisogeza pamoja, akajipongeza kwa sauti. Mabega na kifua alivikata akiimba. Alishona mabega mara mbili ili yasilegee, akaweka mikunjo kwenye viwiko, akaipiga pasi nguo nzima kwa kitambaa juu yake. Alipoitundika mlangoni ili aitazame vizuri, ikauziba mlango, na akaona hajawahi kushona nguo nzuri kuliko hiyo.

Studio ya siku hizi haina shuka. Mwezi ni ukuta mzima wa kioo unaowaka, na sakafu imepakwa rangi ya kijivu ambayo ilikuwa bado inanuka. Maseremala walikuwa wamekaa juu ya mashimo ya mwezi wakinywa chai. Sauti alikuwa ameshafungiwa kwenye chumba cha vioo huko pembeni, amevaa shati jipya na vifaa vya masikioni, amempa kila mtu kisogo kwa sababu ya umakini. Unyoya akachukua nguo, akaenda kuvaa. Alipotokeza, wote wakaacha walichokuwa wanafanya.

Kicheko kilianza kwa maseremala. Mikono ya nguo ilivipita vidole vya Unyoya ikaning'inia. Mabega yalimwangukia mpaka karibu na viwiko, na suruali ilijikunja sakafuni marundo mawili. Kofia, ambalo mafundi wa studio walilitengeneza upya, lilikaa juu ya kola pana, na ndani ya kola hiyo angeweza kuingia Unyoya mwingine na chakula chake cha mchana.

Bi Bati akafikiri kitambaa kimenyumbuka. Akatoa futi, akapima bega la nguo kutoka mshono hadi mshono. Kidole chake kikafika mahali kikasimama, kabla hajasoma namba. Alilijua bega hilo. Lilikuwa bega la mashati yote aliyowahi kushona kwa ajili ya nyumbani kwake, la koti la harusi, la nguo za kulalia. Namba za Unyoya zilikuwa pembeni mwa meza kwa chaki nyeupe, wazi kabisa, naye hakuzitazama hata mara moja. Akili yake yote ilikuwa kwenye ile karatasi ya miguu, na mikono ikaachwa iende yenyewe, ikaenda ilikozoea.

Katika chumba cha vioo taa nyekundu ikawaka, na Sauti, ambaye hakuona lolote, akajua zamu yake imefika.

"Niko tayari," ikasema sauti ya Bati, studio nzima.

Ilikuwa sauti ile ile, na katikati ya taa ilisimama nguo ya kipimo kile kile. Bi Bati akalia. Hakujificha wala hakutafuta leso. Alimkumbuka mumewe kwa namna ambayo hakuwa amemkumbuka tangu siku ya mazishi, mwili mzima, na wala hakuona haya. Maseremala wakaacha kucheka. Binti yake akaja, akaushika mkono mrefu wa ile nguo, akaukunja mara mbili, vile alivyokuwa akikunja mikono ya mashati ya baba yake alipokuwa akilala nayo utotoni.

"Ni ya baba," akasema polepole.

"Nilimshonea yeye. Namba za mtoto wa watu zilikuwa mbele yangu, na mimi nikamshonea yeye."

Kofia likainuliwa, na uso mdogo wa Unyoya ukachungulia kutoka ndani ya kola. "Bibi, usilie. Tutasema roboti amepungua uzito. Safari ya mwezini si ndefu?"

Bi Bati akacheka, machozi bado yanamtoka. Unyoya, alipoona utani wake umefaa, akalirudisha kofia kichwani na kujaribu kutembea. Akaikanyaga suruali, akapepesuka, akaizungusha ile mikono mirefu kutafuta pa kushika, akakaa chini puu. Studio ikalipuka kwa kicheko, na hakikuwa cha adabu.

Binti hakucheka. Alikuwa amekaza macho, yale macho ya kazini. "Mama, tuiache hivi hivi."

"Tuiache nini?"

"Umeona walivyocheka? Na hili si kosa la kupanga. Hukulitaka, limetoka lenyewe, kama lile la kwanza. Ni wewe uliyesema."

Alikuwa amemfunga kwa kamba yake mwenyewe. Maseremala nao walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. Bi Bati akamtazama Unyoya pale chini akiitafuta mikono yake ndani ya nguo, na moyo wake ulitaka kukubali, tena ulitaka sana. Kila wiki angeketi mbele ya televisheni aone mabega ya mumewe yakipita. Binti yake angepata kipindi, watu wangefurahi, na hakuna ambaye angemwambia kwamba amekosea.

Ila msichana hakuonekana. Alikuwa mzima humo ndani, na maswali yake na ubani wake, na kilichoonekana kilikuwa nguo inayoanguka. Kila wiki angezama ndani ya marehemu na watu wacheke anavyozama. Na marehemu mwenyewe asingependa, yeye aliyekuwa akikutana na mtu kwenye korido anajibanza ukutani ili mwenzake apite.

"Hapana," akasema Bi Bati. "Lile la kwanza, baba yako alipambana nalo, na watu wakamwona yeye. Ndiyo maana walimpenda. Hili linamfunika huyu. Nikiliacha sitakuwa nimemrudisha Bati. Bati hayupo, mwanangu. Nitakuwa tu nimempoteza na huyu pia."

Hakuwahi kusema kwa sauti kwamba hayupo. Alikuwa akisema amezikwa, amefutwa, yuko chini ya mpira, kwa maneno ya kuchekesha. Sasa lilimtoka mbele ya maseremala, na hakuanguka.

Binti akamtazama mama yake. Yale macho ya kazini yakamwondoka, yakabaki ya mtoto kwa mama yake. "Mkurugenzi anakuja kutazama kesho, mama."

"Kitambaa kipo?"

"Kipo."

"Basi kilete, na hawa mabwana wanisogezee meza."

Meza ikaletwa mwezini. Unyoya akavua, na binti akaichukua ile nguo kubwa, akaikunja taratibu, akaiweka kwenye mkoba wake bila kumwomba mtu ruhusa. Bi Bati akajifuta uso kwa kiganja. Akampima Unyoya upya, na kila namba aliirudia mara mbili huku akimtazama machoni, mpaka msichana akaona haya.

"Sasa tembea kidogo."

"Kama roboti?"

"Kama wewe. Ukiwa barabarani na huna habari na mtu."

Unyoya akacheka, akasita, kisha akatembea kutoka upande mmoja wa mwezi hadi wa pili. Alitembea kwa vidole vya miguu, visigino havitui, bega moja likitangulia kidogo, kama anasikia muziki uliochelewa kuwafikia wengine. Alipofika mwisho akajizungusha mzima mzima, bila sababu yoyote. Hakukuwa na Bati hata kidogo katika mwendo ule. Bi Bati alimtafuta, hakumpata, na alishangaa kuona kwamba amefurahi.

"Jamani, kuna nini huko?" Sauti akauliza kwenye vipaza sauti, bado amewapa kisogo. "Niko tayari, au siko tayari?"

"Bado!" wakamjibu wote.

Bi Bati akachukua mkasi, akaushika bila kuufungua.

"Tembea tena, mwanangu," akasema. "Mara ya kwanza nilikuwa namtafuta mtu. Sasa nataka nikuone wewe."